Pikapu ya theluji kwenye mteremko wa Ngomo: uchambuzi wa kisa kimoja

Majina ya watu, ya kampuni na chapa ya pikapu yameondolewa, na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha wahusika yamebadilishwa. Uchambuzi huu umeandikwa kwa ajili ya mashofa na wenye magari wanaotumia njia za udongo za Kivu Kusini, hasa wale wanaofikiria kununua pikapu kubwa kutoka nje.

Usuli

Familia inayohusika inauza vifaa vya ujenzi mjini Bukavu, na sehemu ya bidhaa zake huingilia Uvira. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa ya Land Cruiser 79 yenye dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), gari ambalo kila shofa wa Kivu ameliendesha au amelisukuma. Injini yake ina nguvu-farasi zipatazo 130 tu. Inapanda polepole, inashuka polepole, na hakuna anayeisifia.

Kisha ndugu yao aliyeko Montréal akawatumia pikapu. Hii ilikuwa habari nyingine kabisa: petroli, silinda 6 za lita 3.5, tabo mbili, nguvu-farasi 450, gia 10 za otomatiki, 4x4 yenye 4H (magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida) na 4L (magurudumu manne kwa mwendo mdogo wenye nguvu), na kitufe cha kuchagua aina ya njia, iwe lami, utelezi, matope au mawe. Ilifika Bukavu ikiwa bado na matairi ya baridi. Ilikuwa imenunuliwa Quebec wakati wa kipupwe, ambako sheria inalazimisha matairi hayo kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Yalikuwa karibu mapya, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kuyatoa.

Na kulikuwa na video. Ndugu wa Montréal alikuwa ametuma kwa WhatsApp picha za pikapu hiyo ikipanda kilima chenye theluji huku magari madogo yamekwama pembeni. Video ilizunguka familia nzima, na hoja ikajijenga yenyewe: gari lililoishinda theluji ya Kanada litashindwaje na potopoto la kwetu?

Kwa asiyeijua Ngomo: Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, iko karibu mita 800. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo Barabara ya Taifa namba 5 inaishuka baada ya Nyangezi, kwa njia nyembamba ya udongo iliyochongwa kwenye mlima, ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili, mpaka kwenye uwanda wa Ruzizi na Kamanyola. Wengi wenye karatasi kamili huvuka Rwanda, wakapita lami ya Bugarama na kurudi Kongo Kamanyola. Karatasi za pikapu hii zilikuwa hazijakamilika. Ilibaki Ngomo.

Maandalizi, na kwa nini yalikuwa hivyo

Safari ilipangwa Novemba, katikati ya mvua. Shofa alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu mrefu wa Ngomo, lakini uzoefu huo wote ulikuwa wa 79. Pikapu mpya alikuwa ameiendesha mjini na kwenye lami ya kwenda Kavumu tu. Pamoja naye walikuwa mdogo wa mwenye mali, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye ndiye aliyekuwa mtetezi mkuu wa gari hilo, na konvoyeri mmoja, yaani msaidizi wa shofa.

Maamuzi matatu yalifanywa kabla ya kuondoka. Karoseri ya nyuma, sehemu ya kubebea mzigo, iliachwa tupu, kwa sababu mzigo ulikuwa Uvira na hakuna mfanyabiashara anayependa kubeba uzito usiolipa. Upepo wa matairi uliachwa bari 2.6, kiwango cha lami, kwa kuwa nusu ya kwanza ya siku ingekuwa ya njia nzuri kidogo. Na walikubaliana kuondoka asubuhi ileile ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kwa sababu mteja wa Uvira alikuwa anangoja. Shofa aliomba wasubiri siku moja. Hakusisitiza; mbele ya mdogo wa patroni, ombi la shofa huwa linasemwa mara moja tu.

Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, una sababu inayoeleweka. Tatizo ni kwamba yote matatu yaliegemea kitu kimoja: imani kwamba gari lingefidia.

Yaliyotokea

Baada ya Nyangezi kuna vipande vya kupanda kabla ya mteremko wenyewe. Hapo pikapu iling'ara. Shofa aliweka 4H na kitufe cha matope, akakanyaga mafuta, na gari likapanda kipande ambacho lori moja lilikuwa limelala kwa ubavu wa njia tangu alfajiri. Magurudumu yalizunguka kwa kasi, udongo ukaruka mpaka juu ya kabini, lakini gari halikusimama. Kijana alirekodi video yake mwenyewe.

Kwenye kilele, malori kadhaa yalikuwa yameegeshwa. Mashofa wake walikuwa wamekaa chini ya turubai wakingoja. Mmoja wao alimwambia shofa wetu, "Papa, ngoja jua lipige kwanza." Kijana akajibu kutoka dirishani, kwa heshima lakini kwa haraka, "Muzee, hii haiko ile 79. Tumepanda, tutashuka." Shofa akasema, "Patroni, kushuka haiko sawa na kupanda," kisha akaondoka.

Aliacha gia kwenye D, gari lijichagulie gia lenyewe, na 4H, kama walivyopanda. Kasi ilikuwa karibu kilomita 30 kwa saa, ambayo kwa gari la aina hiyo inaonekana kama mwendo wa kutembea: kabini iko juu, kimya, kiti kizuri. Kona mbili za kwanza zilipita salama. Kwenye ya tatu, maji ya usiku yalikuwa yametandaza udongo mwekundu mwembamba juu ya mwamba, sentimita chache tu, laini, unaong'aa. Shofa aligusa breki. Kanyagio likaanza kutetemeka na kupiga chini ya kiatu chake. Ni ABS, mfumo unaozuia breki zisifunge magurudumu, ikifanya kazi. Gari halikupunguza mwendo. Aligeuza usukani, na gari likaendelea moja kwa moja kuelekea ukingo wa korongo.

Alichofanya baadaye kilichukua pengine sekunde mbili. Aliachia breki kabisa. Magurudumu ya mbele yakapata mshiko kidogo, pua ikageuka, lakini nyuma iliyokuwa tupu ikatoka nje. Hakujaribu kuinyoosha ili abaki katikati ya njia. Alielekeza gari kwa makusudi upande wa mlima, likaingia kwenye mfereji wa maji, likasugua ukuta na kusimama likiwa limeinama. Hakuna aliyeumia.

Mferejini

Shofa alishuka kuangalia. Kijana akahamia kwenye usukani. Kwa dakika chache pikapu ilifanya kile ambacho nguvu-farasi 450 hufanya mahali pasipo na mshiko: ilichimba. Gurudumu la nyuma la upande wa mlima lilizama mpaka ekseli ikalala chini, na harufu ya mpira wa moto ikajaa. Shofa alirudi, akafungua mlango na kusema, "Zima, mwanangu." Kijana alikuwa ameitwa "patroni" saa nzima, hapo akawa mwana, na akazima.

Kilichofuata kinafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndipo penye somo la tairi. Kabla ya kuita watu wa kuchimba, shofa alipiga magoti na kuanza kuchokoa tairi kwa ncha ya panga. Mistari yote ilikuwa imejaa udongo, imesawazishwa hadi juu, huwezi kujua kama tairi lina meno au halina. Udongo ulitoka katika vipande virefu vyembamba, umeshikana vizuri, na chini yake mpira ulikuwa mkavu. Yaani tairi lenyewe lilikuwa halijaigusa njia. Udongo ulikuwa unateleza juu ya udongo.

Vijana wa kijiji cha jirani walifika na majembe. Waliomba dola 50, wakakubali 20 na mafuta ya kula. Walichimba mbele ya magurudumu, wakapanga mawe. Shofa alitoa upepo kwenye matairi manne kwa kubonyeza vali kwa ufunguo, akikadiria kwa macho mpaka tumbo la tairi likatoka. Baadaye, walipopima Kamanyola, ilikuwa karibu bari 1.5. Lori moja lililoamua kushuka lilikubali kuvuta. Konvoyeri alitaka kufunga kamba kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela. Shofa alikataa. Kichwa hicho kimetengenezwa kwa trela linalovutwa taratibu, si kwa mnyakuo; kikikatika, kinaruka na kamba kama risasi. Walifunga kwenye ndoano ya chasisi. Akaweka 4L, akagusa mafuta kidogo tu, na pikapu ikatoka bila kelele.

Sehemu iliyobaki ya mteremko waliishuka kwa 4L, gia ya kwanza imefungwa kwa mkono, mguu mbali na breki, huku konvoyeri akitembea mbele na kipande cha mti cha kukingia gurudumu. Walifika Uvira usiku.

Matokeo

Bampa la mbele lilipasuka, tairi moja lilichanika ubavuni, na chuma kinachounganisha usukani na gurudumu la mbele kulia kilipinda. Cha mwisho ndicho kilichogharimu. Vyuma vya 79 unavipata Bukavu siku hiyohiyo, vipya, vya zamani au vya kughushi. Cha pikapu hii kiliagizwa kutoka nje na gari likakaa wiki kadhaa. Fundi mmoja alijitolea kukinyosha kwa nyundo; mwenye mali alikataa, na alifanya vyema, kwa sababu chuma cha usukani kilichopinda na kunyooshwa huvunjika bila kuaga.

Mzigo wa Uvira ulirudi kwa 79.

Uchambuzi: nguvu inaondoa gari, haiisimamishi

4x4 inagawa nguvu ya injini kwa magurudumu manne. Hilo linasaidia kuondoka na kupanda. Lakini breki za magurudumu manne kila gari inazo, hata teksi ndogo kabisa ya Bukavu. Wakati wa kusimama, pikapu ya nguvu-farasi 450 na hiyo teksi zinategemea kitu kilekile: mshiko wa mpira na ardhi. Uzito haubadilishi umbali huo, kwa sababu gari zito linakandamiza ardhi zaidi lakini pia lina msukumo zaidi. Kitakachobadilika ni ukubwa wa pigo mwishoni.

Hesabu yake si ngumu na inatisha kidogo. Kwa kilomita 30 kwa saa kwenye lami kavu, breki zinasimamisha gari ndani ya mita 4 hadi 5. Kwenye theluji iliyoshindiliwa au udongo laini uliolowa, ambako mshiko unaweza kuwa robo ya ule wa lami, umbali unakuwa karibu mita 18. Hiyo ni kwenye tambarare. Weka mteremko wa asilimia 10 tu, nusu ya mshiko huo inaliwa na mlima, na umbali unafika mita 35. Ukifanya mteremko kuwa asilimia 20 kwa mshiko huohuo, jibu ni kwamba gari halisimami kabisa, hata ukikanyaga breki mpaka kesho. Upande wa pili wa hesabu ndio wenye faida: kwenye ule mteremko wa asilimia 10, ukishuka kwa kilomita 15 badala ya 30, mita 35 zinakuwa chini ya 9.

Kwa hiyo kona ya tatu haikupotea kwenye kona ya tatu. Ilipotea kileleni, gia ilipoachwa kwenye D.

Kwa nini kupanda kulidanganya

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na uso wake umejaa mipasuo myembamba ya wembe. Mipasuo hiyo inashika theluji na kuibakiza, kwa sababu theluji hushikana na theluji. Tairi lililobeba theluji linashika njia ya theluji vizuri zaidi. Udongo mfinyanzi uko kinyume chake. Ukibaki kwenye tairi, unaligeuza tairi kuwa duara laini. Tairi la matope lina meno makubwa yaliyoachana ili udongo urushwe nje.

Wakati wa kupanda, injini kubwa ilificha kasoro hiyo. Kitufe cha matope kinaruhusu magurudumu yazunguke zaidi kabla kompyuta haijaingilia, na kwa nguvu ile yalizunguka kwa kasi ya kutosha kurusha sehemu ya udongo. Ndiyo maana uliruka mpaka juu ya kabini. Wakati wa kushuka, gurudumu linazunguka taratibu, halirushi kitu. Mistari ikajaa kona baada ya kona, na hakuna taa yoyote kwenye dashibodi inayosema "tairi limejaa". Laiti 79 yenye matairi hayohayo ingepewa mlima ule, ingekwama kwenye kupanda, na kila mtu angejua ukweli mahali pasipo na hatari.

Joto la uwanda wa Ruzizi nalo lingeyamaliza matairi hayo mapema. Mpira ule haukutengenezwa kwa nyuzi 30.

Mifuko ya mchanga

Nilionyeshwa ile video ya Montréal. Ukiisimamisha pale gari linapogeuka, unaona karoserini, juu ya ekseli ya nyuma, kona ya mifuko iliyopangwa. Ni mchanga. Wenye pikapu kule huweka mchanga wakati wa theluji, kwa kuwa pikapu tupu ina uzito mwingi mbele na nyuma inakuwa nyepesi kuliko kazi inayopewa. Familia nzima iliitazama video mara nyingi na kuona injini. Mchanga haukuwa na sauti.

Mifuko michache ya saruji, ambayo familia hii inaiuza kila siku, ingetosha kuituliza nyuma ya gari kwenye ile kona. Isingefupisha umbali wa kusimama. Ingepunguza ule mzunguko wa nyuma kutoka nje baada ya breki kuachiwa.

Upana

Hili linasahaulika. 79 ina upana chini ya mita 1.9, pikapu hii ilikaribia mita 2.2 bila kuhesabu vioo. Kwenye Ngomo, mita 0.3 ni nafasi ya gurudumu zima. Shofa alisema alikuwa anabana kuelekea korongo bila kukusudia, kwa sababu macho yake yalikuwa bado yanapima kwa 79.

Kilichofanya kazi

Kuachia breki wakati gari haligeuki ni kinyume cha kila kitu mwili unachotaka, na ndiko kulikookoa watu watatu. Gurudumu linalotumia mshiko wake wote kwa breki halibakiwi na mshiko wa kugeuza. Likizunguka huru, linapata kidogo. Kuchagua mfereji wa upande wa mlima ni ujuzi wa pili, na huo hautoki kwenye kitabu cha gari bali kwenye miaka ya njia hiyohiyo. Kutoa upepo, kugusa mafuta kidogo, kukataa kile kichwa cha trela: yote yalikuwa sahihi.

Kijana bado anasema kwamba matairi sahihi yangemaliza tatizo. Shofa anasema hapana. Nadhani matairi ya matope yangewapa nafasi, pengine kubwa, lakini si kwa kilomita 30 kwa saa juu ya udongo ule. Minyororo ya theluji, ambayo ndugu wa Montréal aliitaja baadaye kwa simu, ingesaidia zaidi kwenye udongo mfinyanzi, ila ingelazimika kuvuliwa kwenye kila kipande cha mwamba, na Ngomo inabadilishana udongo na mwamba bila ratiba.

Jambo lililogunduliwa gereji

Pikapu ilipoinuliwa Bukavu kwa ajili ya chuma cha usukani, fundi alipitisha kidole juu ya mabomba ya breki ya nyuma, na maganda ya kutu yakadondoka. Barabara za Quebec humwagiwa chumvi wakati wote wa kipupwe ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chini ya gari pole pole, hasa mabomba membamba ya chuma. Bomba moja lilikuwa limebaki jembamba kiasi kwamba fundi hakuthubutu kulifuta kwa brashi. Halikuchangia ajali, kwa kuwa presha ya breki ilikuwepo na ABS ilifanya kazi. Mabomba yote ya nyuma yalibadilishwa. Sasa pikapu inafanya kazi ya mjini na ya Kavumu, na gari lolote ambalo familia inaletewa kutoka Kanada linapitia kwanza kwa yule fundi, aliangalie kutoka chini.